Unaongoza Ubaoni, Unaangushwa na Saa: Mwongozo Kamili wa Rapidi kwa Wanawake Wanaocheza Chesi Arusha na Moshi

Kila baada ya mashindano ya wikiendi simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dada, nilikuwa na ngome ya ziada, nikaishiwa muda." "Nilikuwa na malkia, yeye mfalme mtupu, mwamuzi akasema sare." "Nilibonyeza saa kabla sijabadilisha askari, nikaadhibiwa." Wanaoniandikia si wageni wa chesi. Ni mabinti na kina mama wanaojua kufungua mchezo na kumbana mpinzani, lakini alama zinawaponyoka katika dakika tano za mwisho.

Kwa hiyo hapa sifundishi kete zinavyotembea. Nachukua mchezo mmoja wa rapidi, tangu wiki ya maandalizi hadi kusaini matokeo, nikuonyeshe wapi wengi huteleza.

Nimetumia muda wa dakika 15 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila mwendo, kwa kifupi 15+10, kwa kuwa ndio unaotumika kwenye ubingwa wa dunia wa rapidi wa wanawake. Kwa kanuni za FIDE, yaani Shirikisho la Chesi la Dunia, rapidi ni mchezo wowote ambao kila mchezaji ana zaidi ya dakika 10 na chini ya 60. Nikisema "mwendo" nina maana ya kete kusogezwa mara moja, ili tusichanganye na hatua za mwongozo.

Mahitaji

- Bodi ya kukunja na kete kamili, pamoja na malkia wa ziada kila rangi. Umuhimu wa malkia huyo utauona kwenye hatua ya 7.
- Saa ya chesi ya kidijitali yenye kuongeza sekunde. Kama huna, programu ya saa ya chesi kwenye simu inatosha kwa mazoezi. Mashindanoni simu haikai mezani.
- Akaunti ya Lichess, tovuti ya kuchezea chesi mtandaoni. Ni bure, haina matangazo, na 15+10 imo miongoni mwa michezo ya kuchagua haraka.
- Daftari dogo na kalamu.
- Sweta. Juni na Julai baridi ya Arusha huingia hadi ukumbini, na vidole vilivyoganda hushika kete vibaya.
- Kibanio cha nywele na raba bendi mbili za mikono ya nguo.
- Maji, ndizi mbivu, karanga au viazi vya kuchemsha.
- Pedi, hata kama siku zako hazijafika. Msongo na safari huweza kuzivuruga, na kuhangaika kutafuta duka katikati ya raundi ni kujipotezea mchezo.
- Mwenzako wa kufanya naye mazoezi, angalau mara moja kwa wiki, uso kwa uso. Kidole kwenye simu hakikufundishi kubonyeza saa.

Hatua ya 1: Jua saa yako inavuja wapi

Wiki mbili kabla ya mashindano, cheza michezo kumi ya 15+10. Usijali matokeo. Kila ukifika mwendo wa 10, wa 20 na wa 30, andika daftarini saa yako inasoma ngapi.

Sababu ni hii: karibu kila mchezaji hudhani anapoteza muda mwishoni, na karibu wote wanaupoteza mapema. Binti mmoja wa kidato cha tatu niliyemfundisha aliamini kwamba mikono yake ni mizito. Daftari lake likaonyesha kwamba kufikia mwendo wa 12 alikuwa amebakiwa na dakika nane. Mikono yake haikuwa na kosa lolote. Alikuwa anafikiri upya ufunguzi anaoucheza kila siku.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Muda wangu unaishia hapa." Kama huwezi, cheza mingine mitano.

Hatua ya 2: Chagua ufunguzi mmoja na uushikilie

Mmoja wa weupe, na majibu mawili ya weusi: moja dhidi ya askari e4, moja dhidi ya askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba kama zilivyo pembeni mwa ubao). Basi. Kwa weupe napendekeza askari e4, farasi f3, askofu c4, kisha kasilingi, yaani mfalme kwenda kujificha na ngome kutoka. Kwa weusi, jibu e4 kwa e5, na d4 kwa d5. Watakuja watu na ufunguzi wenye majina makubwa. Waache waje nao. Rapidi inamlipa anayecheza miendo minane ya kwanza bila kuumiza kichwa.

Tahadhari moja nairudia kila Jumamosi. Mpinzani akianza e4, ukajibu e5, akamtoa malkia hadi h5, usikimbilie kusukuma askari g6. Malkia atamla askari wako wa e5 na kupiga cheki, yaani kumtishia mfalme wako, papo hapo, na mwendo unaofuata anaila ngome yako ya h8. Toa kwanza farasi wa b8 hadi c6 kulinda e5. Akileta askofu c4, hapo ndipo unasukuma g6, naye malkia atarudi f3 akitishia f7 tena. Mtoe farasi wa pili hadi f6. Sasa wewe umetoa farasi wawili, naye ana malkia anayerandaranda. Usimkimbize kwa hasira. Endelea kutoa kete zako.

Umefaulu ukiweza kucheza miendo minane ya kwanza kwa chini ya dakika mbili, na mfalme wako tayari amejificha.

Hatua ya 3: Usiku na asubuhi

Usiku wa kuamkia mashindano usijifunze jambo jipya. Fanya mafumbo mepesi kumi, panga begi, lala.

Kama unatoka Moshi kuja Arusha, ni takriban kilomita 80, lakini usipige hesabu kwa kilomita. Basi linasimama Boma Ng'ombe, linasimama Usa River, na kuanzia Tengeru foleni inaweza kukukamata. Raundi ya kwanza ikiwa saa tatu asubuhi, panda gari saa kumi na mbili au mapema zaidi. Kutoka Arusha kwenda Moshi, vivyo hivyo.

Haraka hii ina maana. Muda wa raundi ukifika, mwamuzi huanzisha saa hata kiti chako kikiwa kitupu, na baadhi ya mashindano humwandikia mchelewaji kushindwa bila kusubiri. Soma kanuni za mashindano yako kuhusu kuchelewa kabla hujakata tiketi.

Kula kabla ya kuingia, lakini usishibe. Mtori au chai na mihogo vinatosha. Makande ya kushiba asubuhi yatakuletea usingizi raundi ya pili.

Hatua ya 4: Kukaa mezani

Fika mezani dakika tano kabla. Bana nywele zisikuangukie usoni. Kama umevaa baibui au kitenge chenye mikono mipana, kunja mikono na uibane kwa raba bendi. Mkono mpana ukipita juu ya ubao hubeba kete, na kanuni inasema aliyeangusha kete azirudishe mahali pake kwa muda wake mwenyewe. Nimeona mama akipoteza sekunde 40 akisimamisha askari mmoja mmoja huku saa inatembea.

Kisha kagua mambo matatu. Mraba wa mwisho kulia kwako ni mweupe? Malkia amesimama kwenye rangi yake? Saa inasoma 15:00 pande zote mbili, na nyongeza imewekwa? La tatu ndilo husahaulika. Muulize mwamuzi kabla ya kuanza, si baada ya mwendo wa 15.

Sasa suala la heshima, ambalo kwetu si dogo. Vitengo vya wanawake mara nyingi huchanganya rika, kwa hiyo binti wa miaka 14 anaweza kukutana na mama wa umri wa mzazi wake. Mwamkie: "Shikamoo mama." Subiri "Marahaba." Peaneni mikono. Halafu saa ikianza, maongezi yamekwisha kwa pande zote mbili.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona mabinti wakitoa ushindi kwa adabu. Mama anasema kwa upole, "Tumalize sare mwanangu," na binti mwenye askari wawili zaidi anaitikia kwa kichwa, kwa kuwa nyumbani hajazoea kumkatalia mkubwa. Ombi la sare ni sehemu ya mchezo. Unaruhusiwa kulikataa kwa kusema "hapana, asante mama", au kwa kucheza tu mwendo wako. Hujamvunjia mtu heshima. Na kina mama wenzangu, mkiomba mara moja mkakataliwa, msirudie-rudie. Kumsumbua mpinzani kwa maombi ya sare kunakatazwa.

Hatua ya 5: Gawa muda wako

Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Una sekunde 900 mkononi. Kila mwendo unakuletea 10. Mchezo ukienda miendo 60, utakuwa umepewa jumla ya sekunde 1,500, yaani dakika 25. Wastani wake ni sekunde 25 kwa mwendo. Lakini miendo haina uzito sawa, na anayetumia sekunde 25 kila mahali atapungukiwa palipo pagumu na kupoteza palipo pepesi.

Shika alama hizi nne za njiani:

- Baada ya mwendo wa 10, saa isome si chini ya dakika 14.
- Baada ya mwendo wa 20, dakika 9.
- Baada ya mwendo wa 30, dakika 5.
- Baada ya mwendo wa 40, dakika 2 na nusu.

Hesabu yake ni nyepesi. Miendo kumi ya kwanza unaijua, kwa hiyo unatumia wastani wa sekunde 15 na nyongeza inakurudishia 10. Kati ya mwendo wa 10 na wa 20 ndipo mchezo unapoamuliwa, kwa hiyo hapo una ruhusa ya wastani wa sekunde 40. Baadaye unashuka hadi 35, kisha 25.

Hutaandika miendo, kwa kuwa rapidi hailazimishi, sasa utajuaje umefika wa 20? Si lazima ujue kamili. Tumia vituo: mfalme akishajificha na farasi wote wametoka, angalia saa. Malkia wakilana, angalia saa. Kila ukimaliza fikra ndefu, angalia saa. Wengi wanaoishiwa muda hawakuangalia saa kabisa kwa dakika sita mfululizo, na mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wao. Katika mchezo wa mwisho wa mashindano fulani nilikuwa na ngome ya ziada, nikacheza mwendo mzuri, nikaketi kufikiria ushindi bila kubonyeza saa. Karibu dakika nne zilikwenda. Mpinzani hana wajibu wa kukukumbusha, na hakunikumbusha.

Ruhusa ya kufikiri sana uipe nafasi mbili tu katika mchezo, kila moja isizidi dakika mbili. Nafasi ya kwanza ni pale kete zinapoanza kulana katikati. Ya pili ni pale unapoamua kushambulia mfalme au kuingia mwisho wa mchezo. Ukijikuta unafikiri mara ya tatu, jiulize kama kweli kuna la kuamua, au unaogopa tu kuchagua kati ya miendo miwili iliyo sawa. Ikiwa ni sawa, chukua wa kwanza uliouona.

Kuna jambo ambalo likikuingia litakuondolea hofu yote: ukicheza ndani ya sekunde 10, saa yako haipungui. Ukicheza ndani ya sekunde sita, inaongezeka. Mchezaji mwenye sekunde 20 bado ana mchezo mzima mbele yake, mradi kila mwendo aucheze kwa utulivu wa sekunde saba au nane. Anayekufa ni yule anayeona 0:20, anatetemeka, na kurusha kete ovyo kwa sekunde moja moja.

Ukikuta mashindano ya dakika 25 bila nyongeza, alama zako ziwe dakika 22, 15, 9 na 5. Huko hakuna wa kukurudishia sekunde, kwa hiyo zishike kwa ukali zaidi.

Umefaulu ukimaliza michezo mitatu mfululizo ya mazoezi bila kushuka chini ya dakika moja kabla ya mwendo wa 40.

Hatua ya 6: Swali moja kabla ya kugusa

Ukigusa kete yako kwa kukusudia, lazima uicheze kama ina mwendo halali. Ukigusa ya mpinzani, lazima uile kama inalika. Tabia ya kijiweni, ya kuinua kete, kuizungusha hewani na kuirudisha, haina nafasi hapa. Wengi wetu tulianzia kwenye drafti la kaka zetu, la vizibo vya soda, na mkono bado unakumbuka. Kama kete imekaa upande na unataka kuiweka sawa, sema kwanza "narekebisha", zamu ikiwa yako, ndipo uiguse.

Swali lenyewe ni hili: *akishacheza baada ya huu mwendo wangu, ana cheki gani, anakula nini, anatishia nini?* Lipitie kwa mpangilio huo. Inachukua sekunde tano ukizoea. Kalia mikono yako ikibidi. Nawaambia mabinti wafanye hivyo kabisa, viganja chini ya mapaja, hadi swali liishe.

Hatua ya 7: Mkono na saa

Hapa alama hupotea bila sababu yoyote ya kichesi. Zijue kanuni hizi kama unavyojua njia ya kwenda kwenu.

Mkono unaosogeza kete ndio unaobonyeza saa. Huwezi kucheza kwa kulia huku kushoto kumeotea kwenye saa.

Kasilingi hufanywa kwa mkono mmoja, na mfalme anatangulia, miraba miwili. Ukigusa ngome kwanza kisha mfalme, huruhusiwi kufanya kasilingi upande huo katika mwendo huo. Ukitumia mikono miwili na kubonyeza saa, unahesabiwa kama umecheza mwendo batili.

Askari akifika mraba wa mwisho, mtoe, weka malkia, *kisha* bonyeza saa. Ukibonyeza askari akiwa bado ni askari, huo pia ni mwendo batili. Kama malkia wa ziada hayupo karibu, simamisha saa na umwombe mwamuzi akuletee. Usigeuze ngome juu chini ukaiita malkia, itahesabiwa ngome. Hii ndiyo sababu ya yule malkia kwenye orodha ya mahitaji: mwone amesimama pembeni ya ubao tangu mwanzo.

Adhabu ya mwendo batili katika rapidi: mara ya kwanza, mpinzani anaongezewa dakika 2. Mara ya pili, umeshindwa.

Mpinzani naye akikosea, tuseme ameacha mfalme wake ndani ya cheki na kubonyeza saa, usimle mfalme. Simamisha saa, inua mkono, mwite mwamuzi, eleza kwa sauti ya chini. Fanya hivyo kabla hujacheza. Ukishacheza mwendo wako, kosa lake linakuwa halali na mchezo unaendelea.

Hatua ya 8: Ukishatangulia, punguza kete

Ukiwa na kete moja zaidi na saa iko chini ya dakika tano, lengo lako si chekimeti nzuri tena. Badilishana. Malkia kwa malkia, ngome kwa ngome, farasi kwa askofu. Kila kete inayotoka ubaoni inakupunguzia maswali ya kujibu, na tofauti ya kete moja inazidi kuonekana. Mwenye kete ndogo tatu (farasi au maaskofu) dhidi ya mbili ana kazi; mwenye farasi mmoja dhidi ya sifuri ana ushindi, mradi amebakiza askari. Msisahau hao askari: farasi mmoja pekee na mfalme hawezi kumaliza mchezo.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wachezaji wetu ni kuendelea kushambulia kwa fahari ya kutaka kummaliza mtu katikati ya ubao. Wanatoa kafara wakati hawana haja ya kutoa chochote.

Na ujue hili kuhusu saa kuisha. Muda wako ukiisha na mpinzani amebaki na mfalme peke yake, ni sare. Lakini akiwa na farasi mmoja, huku wewe una askari ubaoni, kanuni inauliza tu kama chekimeti *inawezekana* kwa mfululizo wowote wa miendo halali. Inawezekana. Umeshindwa. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuila kete yake ya mwisho bila hasara, ile.

Hatua ya 9: Miisho mitatu ya kucheza ukiwa umefumba macho

*Malkia na mfalme dhidi ya mfalme.* Weka malkia wako umbali wa mruko wa farasi kutoka kwa mfalme wake. Akisogea, mfuate kwa umbo lilelile. Atarudi nyuma mwenyewe hadi ukingoni. Akifika kwenye kona, simama. Mfalme mweusi h8 na malkia wako g6, zamu yake: hana cheki, hana pa kwenda, ni stelimeti, ni sare. Hapo ndipo alipotelea yule aliyeniandikia kuhusu mfalme mtupu. Mfalme wake akishaganda ukingoni, mwachie mraba mmoja au miwili ya kupumulia, mlete mfalme wako karibu, kisha funga. Popote mnapoanzia, kazi hii haihitaji zaidi ya miendo 10 ikichezwa vizuri.

*Ngome na mfalme dhidi ya mfalme.* Hii ni ndefu, hadi miendo 16. Ngome inakata ubao kama uzio, mfalme wako anasogea kukabiliana na wake uso kwa uso, na wafalme wakitazamana ngome inapiga cheki kutoka pembeni, anarudi mstari mmoja nyuma. Ngome ikitishwa, ipeleke upande wa mbali kwenye mstari uleule.

*Mfalme na askari dhidi ya mfalme.* Mfalme atangulie, askari afuate. Mfalme wako akifika mstari wa sita mbele ya askari wako, umeshinda, isipokuwa askari akiwa wa ukingoni, a au h. Huyo wa ukingoni hakupeleki popote mpinzani akishafika konani.

Mazoezi: weka saa sekunde 30 na nyongeza 10. Mwenzako ashike mfalme mtupu. Fanya malkia mara tano, ngome mara tano, halafu badilishaneni. Umefaulu pale saa yako inapomaliza zoezi ikisoma *zaidi* ya sekunde 30 ulizoanza nazo. Wasichana wangu wakishaliona hilo kwa macho yao, hofu ya dakika ya mwisho hupungua sana.

Hatua ya 10: Kudai haki yako

Hali ileile ikijirudia mara tatu, una haki ya sare. Zamu ikiwa yako, kabla hujagusa kete, simamisha saa na umwite mwamuzi. Uwe na uhakika: dai likiwa si sahihi mpinzani anaongezewa dakika 2. Vivyo hivyo kwa miendo 50 ya kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea.

Ukiwa wewe ndiye unayeomba sare, utaratibu ni kucheza, kutamka ombi, kisha kubonyeza saa.

Usinyamaze kwa woga. Wengi wa mabinti wanaona aibu kuinua mkono ukumbini, hasa mwamuzi akiwa mtu mzima. Mwamuzi yupo kwa ajili hiyo.

Hatua ya 11: Kati ya raundi

Mchezo ukiisha, simamisheni saa, peaneni mikono, rudisheni kete, na hakikisha matokeo yaliyoandikwa ni sahihi kabla ya kusaini. Kisha toka nje. Mchezo wa 15+10 unaweza kuchukua dakika 50, kwa hiyo pumziko huwa fupi. Kunywa maji, kula ndizi, tembea. Usifungue simu kuchambua ulipokosea; kazi hiyo ni ya jioni.

Aliyepoteza raundi ya kwanza ndiye ninayemkalia karibu. Desemba 2024, New York, Koneru Humpy wa India alipoteza mchezo wake wa kwanza kwenye ubingwa wa dunia wa rapidi. Mashindano yalikuwa ya raundi 11. Alimaliza na alama 8.5, akashinda raundi ya mwisho kwa weusi dhidi ya Irine Sukandar wa Indonesia, akawa bingwa kwa mara ya pili, baada ya ule wa 2019 huko Moscow. Raundi ya kwanza ilikuwa alama moja tu kati ya kumi na moja.

Kama unanyonyesha, mweleze mwamuzi mkuu asubuhi, kabla ya raundi ya kwanza, ili mkubaliane mtoto atakuwa wapi na nani atamletea. Simu yako izimwe kabisa na ikae kwenye begi mahali mwamuzi atakapoelekeza. Simu kuita inaweza kukugharimu mchezo hata kama ni dada wa nyumbani anapiga.

Jioni, ukisharudi, chukua daftari. Kwa kila mchezo andika mambo mawili: saa yako ilisoma ngapi malkia walipolana, na ilisoma ngapi mchezo ulipoisha. Namba hizo ndizo uje nazo mazoezini Jumamosi.